Vijiti vya kuhesabia havijielezi vyenyewe

Wengi husema hesabu haina lugha: mtoto anayeanza kujifunza Kiingereza mpe vijiti vya kuhesabia, ataelewa mwenyewe. Si kweli. Kijiti hakisemi.

Chukua neno "eleven". Mtoto aliyezoea "kumi na moja" hulisikia kumi ndani ya jina lenyewe, Kiingereza kimelificha. Hapo ndipo vijiti vinapofaa: funga kumi pamoja, weka kimoja pembeni, gusa fungu, gusa kile kimoja, kisha taja "eleven". Naye aguse, ataje.

Halafu kuna "left", neno lenye maana ya "kushoto" na pia ya "kubaki". Ukiondoa vijiti vitatu kati ya vitano na kuuliza "how many are left?", usishangae akihesabu vya upande wa kushoto. Hesabu anaijua, neno ndilo lililomponza (na kusema kweli, lina hila). Funika vile vitatu kwa kiganja, onyesha vilivyobaki, uliza tena.

Wala si lazima ajibu kwa Kiingereza. Akieleza kwa lugha ya nyumbani huku akisogeza vijiti, hesabu anaifanya vilevile, na neno la Kiingereza unaweza kumpa papo hapo, kijiti kikiwa bado mkononi.