Yusuf alikimbilia nini? Ugomvi wa riwaya nyumbani kwetu

Mume wangu ni fundi wa malori. Gereji yake iko Pasua, hapa Moshi, na mikono yake haijawahi kutakata sawasawa tangu nimfahamu. Mimi nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita. Ukifungua kitabu chochote tulichosoma sote wawili, utajua mara moja kurasa alizozikalia yeye: pembeni pana alama ya dole gumba, nyeusi, ya grisi. Anapoishia anaweka risiti ya vipuri.

Tuna kanuni moja tu: aliye nyuma haambiwi. Kitabu kinanunuliwa nakala moja. Anayetangulia akimaliza anafunga mdomo, anampa mwenzake. Mazungumzo ni Jumapili jioni, baada ya kula, binti yetu Neema akiwa bwenini na nyumba imetulia. Tangu masika yaanze tumemaliza tatu: Peponi, Rosa Mistika na Vuta n'kuvute. Nataka kueleza tuligombania nini, maana katika ugomvi huo nimeona jambo ambalo miaka yote ya kusahihisha mitihani nilikuwa nalipita.

Nianze na Peponi, iliyotugombanisha zaidi. Ni tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka 1994. Kwa Kiswahili imetoka 2022, imechapishwa na Mkuki na Nyota, mfasiri ni Ida Hadjivayanis. Miaka 28 hadithi ya pwani yetu na bara yetu imezunguka dunia ndipo ikafika Pasua.

Yusuf ana miaka 12. Anachukuliwa kwao na Aziz, tajiri wa misafara ya bara, ambaye yeye anamjua kama mjomba. Akifika dukani kwa tajiri anamkuta kijana aitwaye Khalil, na Khalil hamfichi: huyu si mjomba wako. Baba yako anadaiwa, wewe umewekwa rehani. Miaka inapita, safari za bara zinakuja na mikosi yake, na Wajerumani wanazidi kubana.

Sasa mwisho wake (ambaye hajausoma aruke aya hii, maana hapa naivunja kanuni yangu mwenyewe). Vita inakaribia. Askari wa Mjerumani wanapita wakikamata wanaume wa kuwachukulia mizigo. Yusuf amejificha na hawakumwona, wameshaondoka. Amebaki kuwatazama mbwa wakila kinyesi walichokiacha askari. Nyuma yake anasikia kama milango ya bustani ya Aziz inatiwa komeo. Anageuka kutazama, kisha anatoka mbio kuufuata ule msafara, macho yakimwasha. Basi, kitabu kimekwisha.

"Mtoto mjinga huyu," alisema Baba Neema kabla hata sijakaa. "Katoka kwenye deni la baba yake, anakwenda kujiandikisha kwenye deni la Mjerumani."

Nikamwambia hapana, hiyo ndiyo mara ya kwanza Yusuf anaamua jambo mwenyewe. Akacheka. "Mwalimu, nionyeshe palipoandikwa kwamba kaamua." Anapotaka kunichokoza huniita Mwalimu. Nikachukua kitabu, nikasoma ukurasa ule wa mwisho kwa sauti, nikaurudia. Hapakuwa na neno. Nikampa yeye, nikamwambia na wewe nionyeshe palipoandikwa mjinga. Akasoma, midomo ikitembea kama afanyavyo, akanirudishia. Kwake pia hapakuwa na neno.

Hapo ndipo penye somo. Darasani tuna istilahi ya msimulizi maizi, yule ajuaye yote: anaingia vyumba vyote na mioyo yote, anajua ya jana na ya kesho. Mwanafunzi akiona hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, anaandika "msimulizi maizi" bila kufikiri, na mara nyingi tunampa alama. Lakini mtazame msimulizi wa Peponi. Anasema "Yusuf alifanya hivi", ni kweli, ila amemganda Yusuf kama kupe. Huyo Aziz, msimulizi anamwita kwa jina la undugu, kwa sababu ndivyo mtoto amwitavyo, na anaendelea hivyo hata baada ya Khalil kusema kweli. Habari ya deni hatuipati mpaka Yusuf aambiwe. Yaliyopita kati ya baba yake na tajiri tunayajua kwa kadiri mtoto anavyoyajua. Tumefungwa macho kwa kitambaa kile kile alichofungwa yeye.

Halafu mwishoni, pale tunapomhitaji msimulizi aingie moyoni mwa kijana atutolee sababu, anasimama mlangoni. Anatupa mbwa, sauti ya komeo, macho yanayowasha na miguu inayokimbia. Sababu hatupi, ameacha pengo, na pengo kila mtu hulijaza kwa udongo wa kwao. Mume wangu alilijaza kwa deni. Kuna mwaka aliweka mashine yake ya upepo rehani kwa mtu, kwa sababu mteja aliondoka na lori bila kulipa, na ilimchukua miezi kuikomboa. Neno rehani yeye halisomi, analisikia mgongoni. Mimi nililijaza kwa vijana wa kidato cha sita, wanaotoka getini kila Mei na masanduku yao, wengine hawajui waendako, ila nyuma hawageuki.

Tatizo langu ni jedwali. Aliyesoma fasihi katika shule zetu analijua: upande huu fani, upande huu maudhui. Kwenye fani unaweka muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Kwenye maudhui unaweka dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Nimelichora ubaoni mpaka mkono unalichora wenyewe. Sasa niambie, lile komeo utaliweka upande gani? Ni sauti, kwa hiyo fani. Lakini ni hatima ya Yusuf yote, kwa hiyo maudhui. Na kama hakuna aliyefunga mlango, na amelisikia kichwani mwake tu, je? Mwanafunzi ataandika "dhamira ya utumwa na ukoloni", atapata alama zake, na komeo litabaki halijaguswa. Fundi ambaye fasihi aliiacha kidato cha nne aliligusa jioni ya kwanza. Aliuliza, "Nani kafunga?"

Sisemi jedwali litupwe. Mtihani ni mtihani, na wazazi wanalipa ada.

Kabla sijaiacha Peponi, lazima nimtaje Kalasinga, Singasinga fundi wa magari asiyekauka maneno, mwenye nia ya kutafsiri Kurani kwa Kiswahili. Baba Neema alimpenda kupita kiasi. Alikuwa anacheka peke yake usiku, mimi nikiwa nyuma yake kurasa mia nzima, na kanuni hainiruhusu kuuliza. Kwa mafundi wa zamani wa mji huu, kalasinga ni mtu anayefahamika. Aliyemfundisha mwalimu wa mume wangu alikuwa mmoja wao, na bado kuna namna ya kugonga rimu ambayo pale gereji wanasema ni yake.

Kanuni yenyewe ilizaliwa na kosa langu. Mwaka jana alikuwa katikati ya riwaya nyingine, akauliza swali dogo tu kuhusu mhusika. Nikamshushia somo: mhusika bapa, mhusika duara, kisengerenyuma, kinaya. Nusu saa. Alinisikiliza kwa adabu, akakifunga kitabu, akakiweka juu ya kabati, na kikakaa huko mwezi mzima. Nilipouliza alisema, "Nikitaka kufundishwa nitakuja na ada."

Rosa Mistika ilitugombanisha kwa namna nyingine kabisa. Ilitoka 1971, ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, na kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni. Zakaria ni baba mkali na mlevi. Anamchapa binti yake Rosa vibaya sana kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua hajui kuongea na mwanamume, na akifika mbali na fimbo ya baba, uhuru unamzidi nguvu. Mwisho anajiua.

Nilidhani Baba Neema atamtetea Zakaria, baba kwa baba. Kumbe wapi. "Umkanyagie mtu breki miaka yote, siku ukiachia atajulia wapi usukani?" Na mimi, mwalimu, mwanamke, niliyelala bwenini na wasichana kama matroni kwa miaka minne, nikajikuta namtetea yule mzee! Si fimbo yake. Hofu yake. Nimewaona akina Rosa. Nimewasindikiza hospitali.

Hapa hatukugombania pengo, maana pengo halipo. Kezilahabi ndiye mwenye msimulizi maizi hasa. Anaingia kwa Zakaria, anaingia kwa Rosa, anaingia kwa wanaume wanaompitia, anatandika kila kitu mezani. Tulikuwa na ushahidi ule ule, tukatoa hukumu mbili. Kwenye Peponi unamwambia mwenzako "nionyeshe palipoandikwa", naye anashindwa. Kwenye Rosa Mistika anakuonyesha, nawe unamwonyesha pengine, mpaka chai inapoa. Siku hizi riwaya nikiianza huwa najiuliza hilo mapema: huyu msimulizi amekaa wapi, na ananificha nini? Nikishajua, najua na aina ya ugomvi unaonisubiri Jumapili.

Ugomvi wa Rosa, kwa kweli, haujaisha. Umehamia kwenye simu ya Neema. Baba yake anataka apewe likizo hii. Mimi nasema amalize kidato cha nne kwanza. Wote wawili tunajua tunamzungumzia Zakaria.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi tuliipenda sawasawa, kwa hiyo sina mengi. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa mwenye duka wa makamo, anatoroka, na tangu hapo hadithi haikupi nafasi ya kupumua. Mwajuma, shoga yake, angefaa kupewa kitabu chake peke yake. Mume wangu alikuwa ameona kwanza filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, akalalamika kwamba kila akimsoma Denge, mpenzi wa Yasmin, anaona sura ya mwigizaji. Ndiyo hasara pekee tuliyoiona.

Juzi Alhamisi alirudi amechelewa. Kijana aliyemfundisha kazi tangu akiwa hajui spana ameondoka bila kuaga, amekwenda gereji nyingine, kwa mtu anayejulikana kwa kutolipa. Baba Neema alikaa kizingitini akivua viatu polepole.

"Leo nimemwelewa yule mtoto," akasema.

"Yupi?"

"Wa komeo."

Akaenda kuoga. Sijamuuliza ameelewa nini. Hapo yeye ametangulia, na aliye nyuma haambiwi.