Tai wa Marekani hana kipara

Igeuze noti ya dola moja. Upande wa nyuma, kulia, kuna duara, na ndani yake ndege aliyetanua mabawa: ngao kifuani, ukucha mmoja umeshika tawi, wa pili umeshika mishale. Ndege huyo yuko pia kwenye jalada la pasipoti ya Marekani, kwenye kuta za balozi zao na mbele ya jukwaa anaposimama rais wao kuhutubia. Kwa Kiswahili wengi humwita "tai mwenye kipara", kwa sababu jina lake la Kiingereza ukilifasiri neno kwa neno ndivyo linavyotoka.

Lakini kipara hana. Kichwa chake kimejaa manyoya tele, meupe pe, kuanzia utosini hadi shingoni. Neno la Kiingereza lililomo kwenye jina lake zamani lilihusu weupe, kama lile baka jeupe usoni mwa farasi. Maana hiyo ilififia, ikabaki ile ya upara, na ndege akabaki na jina ambalo hata wenye lugha yao huwabidi kulieleza. Jina lake la kisayansi, Haliaeetus leucocephalus, liko sahihi zaidi: kwa Kigiriki ni tai wa bahari mwenye kichwa cheupe. Kwa hiyo hapa nitamwita tai kichwa-cheupe.

Kosa hili linatusumbua zaidi sisi kuliko Wamarekani. Neno "tai" katika Kiswahili limebeba ndege wengi. Wapo wanaolitumia kwa mwindaji wa angani, na wapo wanaolitumia kwa tumbusi, yule mla mizoga ambaye shingo na kichwa chake kweli ni vitupu. Mtu akisikia "tai mwenye kipara" anamwona tumbusi kwenye mzoga wa nyumbu, kisha anajiuliza Wamarekani walikosa ndege gani mwingine hata wakamchagua huyo.

Jamaa yake wa karibu katika ardhi yetu ni furukombe, anayeitwa pia kwazi. Aliyefika Naivasha, Ziwa Viktoria au Tanganyika amewahi kumwona juu ya mti wa ufukweni, kichwa na kifua vyeupe, akirusha kichwa nyuma na kulia sauti inayovuka maji. Furukombe naye ni ndege wa taifa: yuko kwenye bendera ya Zambia na kwenye nembo ya Namibia. Kwa sauti, huyu wetu anamshinda Mmarekani mbali sana. Tai kichwa-cheupe hutoa mlio mwembamba wa kukatakata, kama kifaranga mkubwa. Ule ukelele mkali unaosikika kwenye filamu kila anapopita angani mara nyingi ni wa ndege mwingine, mwewe mwenye mkia mwekundu, uliopachikwa kwa sababu mlio wa mwenyewe hautishi mtu.

Vinginevyo ni ndege wa kustahi. Mabawa yakitanuliwa hufika zaidi ya mita 2 toka ncha hadi ncha, na jike ni mkubwa kuliko dume. Makinda huwa ya kahawia mwili mzima. Weupe wa kichwa na mkia hukamilika ndege akiwa na miaka kama 5. Chakula chake kikuu ni samaki, ndiyo maana hukaa karibu na mito, maziwa na pwani, kuanzia Alaska na Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Hurudia kiota kilekile mwaka baada ya mwaka na kukiongezea vijiti, hadi kinakuwa mzigo wa kuvunja mti. Kimoja kilichopimwa Florida kilikuwa na kina cha mita 6 na uzito uliokadiriwa kuzidi tani 2.

Sasa, aliingiaje kwenye muhuri wa taifa, yaani lile duara la kwenye noti?

Tarehe 4 Julai 1776, siku ileile ya kutangaza uhuru, Bunge la makoloni lililokutana Philadelphia liliunda kamati ya kubuni muhuri wa taifa. Wajumbe wake walikuwa Benjamin Franklin, John Adams na Thomas Jefferson. Ungedhani vichwa vitatu vya namna hiyo vingemaliza kazi kwa wiki moja. Franklin alitaka Musa akiigawa Bahari ya Shamu huku Firauni akizama. Wenzake nao wakaja na ya kwao. Bunge halikuridhika. Ikaundwa kamati ya pili, kisha ya tatu, miaka 6 ikapita. Mwaka 1782 kazi akapewa katibu wa Bunge, Charles Thomson. Yeye alikusanya vipande kutoka kamati zote. Katika mchoro wa William Barton, aliyeisaidia kamati ya tatu, alikuta tai mdogo mweupe. Akamtoa pembeni, akamweka katikati, na akaagiza awe tai wa Kimarekani. Muhuri ulipitishwa tarehe 20 Juni 1782.

Tai kama alama ya mamlaka halikuwa jambo geni. Majeshi ya Roma yalibeba sanamu ya tai juu ya mlingoti, na wafalme wengi wa Ulaya walimchora kwenye ngao zao, wengine kwa vichwa viwili. Taifa lililotoka kumkana mfalme lilitaka heshima hiyo ya kale bila kuvaa kofia ya mfalme yeyote. Tai kichwa-cheupe aliwafaa hapo hasa, kwani ni ndege wa Amerika ya Kaskazini na haishi Ulaya.

Kila alichoshika kina maana, na maana hizo ziliandikwa na Thomson mwenyewe. Tawi la mzeituni na mishale ni mamlaka ya amani na vita, yaliyowekwa mikononi mwa Bunge. Idadi 13 inajirudia kila mahali kwa ajili ya makoloni 13 ya mwanzo: mishale 13, mistari 13 kwenye ngao, nyota 13 juu ya kichwa. Utepe mdomoni una maneno ya Kilatini, E Pluribus Unum, yaani kutoka wengi, mmoja. Ukihesabu herufi zake, nazo ni 13.

Jambo linalonivutia zaidi ni ngao. Kwenye nembo ya Tanzania ngao imeshikwa na mwanamume na mwanamke, kwenye ya Kenya imeshikwa na simba wawili. Ndio utaratibu wa kawaida wa nembo duniani: ngao ina wa kuishika. Ya Marekani haina. Imekaa kifuani mwa tai bila mkono wowote kuigusa, na hilo lilikusudiwa: taifa jipya litegemee maadili yake lenyewe. Ukitaka kujua dhana ya nembo ya taifa ni nini, angalia hapo. Mnyama au ndege huchaguliwa kwanza kwa umbo na sifa zake, halafu watu humpa kazi ya kusema jambo wanalotaka kuamini kuhusu wao wenyewe. Yeye hana habari.

Kuna hadithi inayozunguka kwamba wakati wa vita Marekani humgeuza tai wa muhuri aangalie mishale, na wakati wa amani aangalie mzeituni. Si kweli. Tai wa muhuri mkuu hutazama upande wa mzeituni. Kilichobadilika ni muhuri mwingine, ule wa rais, ambao zamani tai wake alitazama mishale. Oktoba 1945, vita kuu vikiwa vimeisha, Rais Harry Truman alitoa amri ageuziwe upande wa mzeituni, na hajageuzwa tena.

Hadithi ya pili ni ya bata mzinga. Inasemwa kwamba Franklin alipendekeza bata mzinga awe ndege wa taifa badala ya tai. Hakupendekeza hivyo, pendekezo lake lilikuwa lile la Musa. Januari 1784 alimwandikia binti yake, Sarah, akitania nishani ya chama cha maofisa wa vita vya uhuru, ambayo tai wake alifanana na bata mzinga. Humo ndimo alimponda tai: ndege asiye na tabia njema, asiyejipatia riziki kwa haki, hukaa juu ya mti mkavu akimvizia mwewe mvuvi, na huyo akishapata samaki wake, tai humfuata na kumpokonya. Bata mzinga, akasema, ana heshima kuliko huyu.

Utani ulikuwa utani, lakini maelezo ya Franklin ni ya mtu aliyemtazama ndege kwa macho yake. Tai kichwa-cheupe huwinda, ndiyo, ila hupokonya pia, na mizoga hula.

Muda mrefu kabla ya Thomson, ndege huyu alikuwa na maana nyingine kwa wenyeji wa asili wa bara lile. Katika mapokeo ya Wahaudenosaunee, shirikisho la mataifa ya eneo ambalo leo ni New York, tai hukaa juu kabisa ya Mti wa Amani akiangalia mbali ili aonye hatari inapokuja. Kwa mataifa mengi unyoya wake hupewa mtu kwa tendo la heshima, na huingia katika ibada. Serikali ya Marekani inalitambua jambo hilo kisheria. Raia wa kawaida haruhusiwi kuwa na unyoya wa tai, hata akiuokota chini ya mti. Faini inaweza kufika dola 100,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Tai waliokufa hupelekwa kwenye ghala la serikali lililoko Colorado, na kutoka huko manyoya na viungo hugawiwa kwa wanachama wa makabila yanayotambuliwa na serikali kuu. Foleni ni ndefu. Anayeomba ndege mzima hungoja miaka.

Ukali huo wa sheria una historia, na si ya kujivunia. Taifa lililomchonga tai kwenye sarafu zake lilikuwa likimpiga risasi mashambani kwa madai kwamba anaiba kuku na kondoo. Huko Alaska wavuvi walilalamika kwamba anawamalizia samaki aina ya salmoni, na kuanzia 1917 serikali ya eneo ikawa inalipa kwa kila tai aliyeuawa. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa miguu yake. Miguu ileile ambayo kwenye muhuri imeshika mzeituni na mishale ilifungwa mafungu na kupelekwa kubadilishwa kwa fedha. Hadi mpango huo unakoma mwanzoni mwa miaka ya 1950, tai zaidi ya 100,000 walikuwa wamelipiwa. Sheria ya kumlinda ilitungwa 1940, lakini mwanzoni haikuihusu Alaska.

Kisha ikaja DDT. Ni dawa ya kuua wadudu ambayo Zanzibar ilipuliziwa majumbani enzi za kampeni ya kutokomeza malaria, miaka ya 1960. Marekani waliimwaga kwa wingi mashambani na kwenye vinamasi. Ikatiririka mtoni, ikaingia kwenye viumbe vidogo, samaki wakala viumbe hivyo, tai akala samaki. Kila hatua sumu ilizidi kujikusanya mwilini, na aliye juu ya mlolongo ndiye aliyeipokea nyingi zaidi. Haikumuua tai moja kwa moja. Iliharibu namna jike anavyotengeneza gamba la yai, gamba likawa jembamba kiasi kwamba mama akiatamia, mayai yanapasuka chini yake. Mwaka 1963 zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota katika majimbo yote ya bara, ukiiacha Alaska.

DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na kazi ya kumrudisha ikaanza. New York ilikuwa imebaki na jozi moja. Kati ya 1976 na 1988 waliletwa makinda karibu 200, wengi kutoka Alaska, wakalelewa kwenye minara hadi waliporuka wenyewe. Kwingine nako wakafanya hivyo. Mwaka 2007 tai kichwa-cheupe aliondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Hesabu iliyotolewa 2021 ilikadiria ndege 316,700 katika majimbo yale ya bara, zikiwamo jozi zaidi ya 71,000 zinazozaliana. Tatizo linalomsumbua sasa ni risasi kwa maana ya madini: wawindaji huacha matumbo ya paa porini yakiwa na vipande vya risasi, tai anakula, madini yanamwingia.

Na pamoja na yote hayo, hadi juzijuzi hakuwa ndege rasmi wa taifa. Alikuwa kwenye muhuri tangu 1782, kwenye fedha, kwenye nembo ya safari ya mwezini ya 1969 ambako chombo kilichotua kilipewa jina lake, lakini hakuna sheria iliyowahi kusema "huyu ndiye ndege wetu". Kila mtu alidhani ipo. Mkusanyaji mmoja wa vitu vyenye picha za tai, kutoka Minnesota, alipotafuta sheria hiyo hakuiona, akaanza kuwasukuma wabunge. Sheria ikatungwa, na Rais Joe Biden aliisaini Desemba 2024, miaka 242 baada ya muhuri.

Huko Unalaska, kisiwa cha wavuvi Alaska, habari hiyo haikubadili chochote. Tai wamejaa kama kunguru wa Dar es Salaam: juu ya paa, juu ya nguzo za taa, kwenye jalala, kwenye meli wakigombea vichwa vya samaki. Wakati wa kuatamia, anayepita karibu na kiota huonywa alinde kichwa chake, kwa sababu ndege wa taifa hushuka na kucha.