Linux 0.01: nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mmoja

Mara ya kwanza kuiwasha Linux 0.01, toleo la kwanza kabisa la mfumo endeshi wa Linux, ndani ya emuleta (programu inayoiga kompyuta nzima), nilidhani nimeharibu kitu. Ilipanda vizuri tu: ikaandika "Loading system ...", ikahesabu bafa zake, ikasema "Ok.", kisha ikaniachia shell, yaani sehemu ya kuandikia amri, bila kuniuliza jina wala nywila. Nikaandika `cd /bin`. Kwenye skrini ikatokea `cd -bin`. Nikarudia polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. `cd -bin`. Nikabonyeza kistari makusudi, ikaja alama ya kujumlisha.

Kibodi haikuwa na kasoro. Kasoro ni kwamba mimi si Mfini. Ndani ya faili `kernel/keyboard.s` kuna jedwali moja tu la herufi, nalo ni la kibodi ya Ufini, ambako mahali pa mkwaju wetu (/) pana kistari, na mahali pa kistari pana kujumlisha. Hakuna swali la kuchagua lugha, hakuna faili la mipangilio. Aliyeiandika alikuwa Helsinki, kibodi yake ilikuwa ya Helsinki, basi.

Nafundisha mifumo endeshi, na kwa miaka kadhaa toleo hili ndilo nalopenda kuwafungulia wanafunzi kabla ya jingine lolote. Lina mistari 10,239 tu. Ukibana faili zake zote unapata kama kilobaiti 70, ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Mtu mwenye subira anaweza kulisoma lote kwa wiki moja. Na anayelisoma hukutana na kitu tofauti na hadithi tuliyozoea, ile ya kijana mwenye kipaji aliyejifungia chumbani akatoka na mfumo endeshi uliobadilisha dunia. Anachokutana nacho ni nguo ya fundi cherehani: imepimwa kwenye mwili wa mtu mmoja, mshono hadi mshono, na kitambaa kingine kimeazimwa kwa jirani.

Mwili wenyewe ulikuwa kompyuta yenye prosesa ya Intel 386 aliyoinunua Linus Torvalds, mwandishi wa Linux, mwanzoni mwa Januari 1991, akiwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Alitanguliza sehemu ya bei, iliyobaki akawa analipa kidogokidogo. Alitaka kuwa nyumbani na Unix, mfumo endeshi uliotumika vyuoni. Unix halisi ilikuwa ghali mno kwa mwanafunzi, kwa hiyo akanunua Minix, mfumo mdogo ambao Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, aliuandika kwa ajili ya kufundishia na kuutoa mwaka 1987. Minix ilikuja na msimbo wake wote, jambo adimu wakati ule. Lakini iliandikwa kwa prosesa za biti 16, na Tanenbaum hakutaka inenepe hadi wanafunzi washindwe kuisoma. Ukitaka kuitumia vizuri kwenye 386 ulipaswa kuongeza viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vya Bruce Evans wa Australia.

Kilichomkera Linus zaidi ni programu ya Minix ya kupigia simu kompyuta za chuo kwa modemu. Akaamua kuandika yake. Hapo ndipo jambo lote linapoanzia, na halianzi kama mfumo endeshi. Alikuwa anajifunza jinsi 386 inavyobadilisha kazi kutoka moja kwenda nyingine, akatengeneza michakato miwili (mchakato ni programu inayoendeshwa): mmoja unaandika A, mwingine unaandika B. Ukiona mistari ya A ikipokezana na mistari ya B, zamu zinafanya kazi. Kisha akaubadilisha mmoja usome kibodi na kupeleka kwenye modemu, wa pili usome modemu na kupeleka kwenye skrini. Programu hiyo ilijiwasha yenyewe kutoka kwenye flopi, bila Minix chini yake.

Baadaye akataka kushusha faili kutoka chuoni. Faili lazima likae mahali, kwa hiyo akaandika dreva ya diski, yaani msimbo wa kuiendesha. Diski yake tayari ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Minix, kwa hiyo akaandika msimbo wa kusoma mtindo huo huo. Ukishakuwa na michakato, skrini, kibodi, diski na faili, umeshaingia kwenye mfumo endeshi, upende usipende.

Sasa nikuoneshe mshono wenyewe. Fungua `include/linux/config.h`. Siku hizi kabla ya kuunda keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, unajibu maswali maelfu. Mwaka 1991 swali lilikuwa moja: wewe ni nani kati ya hawa wawili? Kuna `LINUS_HD` na kuna `LASU_HD`. Lasu ni Lars Wirzenius, rafiki yake wa chuo. Ukichagua Linus, keneli inaamini una megabaiti 8 za RAM na mizizi ya faili iko kwenye diski ya pili. Ukichagua Lasu, ni megabaiti 4 na sehemu nyingine ya diski. Ukiwa si Linus wala si Lasu, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu) inasimama na kukwambia lazima utaje diski. Ilibidi ufungue faili lile uandike vipimo vya diski yako mwenyewe, idadi ya vichwa na silinda, kisha uunde upya. Wanafunzi hucheka wakifika hapo. Mimi pia hucheka, ingawa nimeshaandika msimbo wa namna hiyo mara nyingi nikijua fika kwamba hakuna mwingine atakayeutumia.

Kumbukumbu nayo imegawanywa kwa rula. Anwani za 386 zinafika gigabaiti 4. Linus alizikata vipande 64 vilivyo sawa, kila kimoja megabaiti 64, na kila mchakato ukapewa kiwanja chake kwa namba: mchakato wa 3 unaanzia 3 mara 64, wa 4 unaanzia 4 mara 64. Hesabu ya mtoto wa shule, na inafanya kazi. Gharama yake ni kwamba huwezi kuzidisha michakato 64, na hakuna mchakato unaoweza kuvuka megabaiti 64. Kwa mtu mwenye megabaiti 8 za RAM hilo ni sawa na kuogopa kwamba ghala la tani elfu halitatosha magunia yako matano. Na katikati ya urahisi huo kuna kazi ya fundi kweli: mchakato ukizaa mwingine, kurasa za kumbukumbu hazinakiliwi. Mzazi na mtoto wanashirikiana kurasa zilezile, zimefungwa zisiandikwe, na nakala inafanywa tu pale mmoja anapojaribu kuandika. Hilo lilikuwamo tangu 0.01.

Mpangaji wa zamu, yaani sehemu ya keneli inayoamua mchakato upi ufuate, ndiye ninayempenda zaidi. Saa inagonga mara 100 kwa sekunde. Kila mchakato unaanza na migongo 15, yaani milisekunde 150. Anayefanya hesabu nzito humaliza migongo yake haraka. Anayesubiri kibodi au diski hubaki na yake. Wote walio tayari wakiishiwa, keneli inapita kwa kila mmoja, pamoja na waliolala: inagawa kilichobaki kwa mbili na kuongeza 15. Kwa hiyo aliyelala akisubiri anajikusanyia akiba, na akiamka anatangulizwa. Ndiyo maana ukibonyeza herufi inatokea papo hapo hata kama kompaila inakimbia pembeni. Kazi yote hiyo ni mistari michache. Juu yake Linus aliacha maelezo akijisifu kwamba huu ni msimbo mzuri na pengine hakutakuwa na sababu ya kuubadilisha. Mpangaji wa zamu wa Linux amekwishaandikwa upya mara kadhaa. Toleo la 6.6 la mwaka 2023 lilikuja na mwingine tena.

Kauli nyingine ya aina hiyo iko kwenye `boot/boot.s`, msimbo wa kwanza kabisa kupanda. Anaeleza kwamba keneli haiwezi kuzidi kilobaiti 512, na kwamba hilo halitakuwa tatizo hata siku za usoni.

Narudi kwenye kitambaa cha kuazima, maana hapa ndipo wasimulizi wengi hupapita mbio. Linux 0.01 haikuweza kujisimamia. Ili uiunde ulihitaji Minix iliyo hai kwenye mashine yako. Mpangilio wake wa faili ulikuwa wa Minix, pamoja na ule ukomo wa majina ya herufi 14. Kompaila ilikuwa GCC 1.40 na shell ilikuwa bash 1.08, zote za GNU, mradi wa kutengeneza programu huru za mtindo wa Unix. Orodha ya miito ya mfumo, yaani yale mambo ambayo programu inaweza kuiomba keneli, aliisaka kwenye miongozo ya Unix ya kampuni ya Sun iliyokuwa chuoni; mwezi Julai 1991 alikuwa ameulizia hadharani nakala ya POSIX, viwango vinavyoeleza jinsi mifumo ya aina ya Unix inavyopaswa kufanya kazi. Hakukuwa na dreva ya flopi, hakukuwa na kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, hakukuwa na ulinzi wa kuingia kwa jina. Msimbo wa Minix wenyewe hakuuchukua, hilo liwe wazi. Lakini alijenga akiwa ameegemea ukuta wa jirani, na bila ukuta ule sijui angeanzia wapi.

Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kwa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa, na huenda hautatumia diski nyingine zaidi ya aina aliyo nayo. Aliye na nguo ya kushonewa husema hivyo hivyo. Tarehe 17 Septemba faili zikapandishwa kwenye seva ya FTP (ya kushushia faili) ya FUNET, mtandao wa vyuo vikuu vya Ufini. Yeye alikuwa ameuita mfumo wake Freax. Ari Lemmke, aliyekuwa akisimamia seva ile, hakulipenda jina hilo, akaifungulia folda kwa jina la `linux`. Hakukuwa na tangazo kubwa. Watu wachache tu ndio walioambiwa. Toleo lililotangazwa kwa wote ni 0.02, tarehe 5 Oktoba.

Kilichofuata kinanivutia kuliko uzinduzi. Watu walianza kuivaa nguo isiyo yao, ikawabana, wakarudisha viraka. Mwishoni mwa mwaka ule Linus alitaka kupiga simu kwa modemu, kwa bahati mbaya amri ikaelekezwa kwenye diski badala ya modemu, na sehemu ya Minix ikaharibika. Badala ya kuirudisha, akaamua kuishi ndani ya Linux moja kwa moja. Kuna mtumiaji aliyekuwa na RAM ya megabaiti 2 tu, akashindwa kuendesha kompaila. Siku za Krismasi Linus akaandika uwezo wa kuhamishia kurasa kwenye diski, kitu ambacho Minix haikuwa nacho. Ukatoka na toleo 0.12, Januari 1992. Kwangu hilo ndilo toleo ambalo Linux ilianza kuwa ya watu.

Na si kwa sababu ya kumbukumbu pekee. Leseni ya 0.01 ilikuwa fupi na kali: gawa upendavyo, toa msimbo wote, lakini usitoze fedha yoyote, hata gharama za usumbufu. Inasikika vizuri mpaka ufikirie mtu asiye na mtandao. Mwaka 1991 walio wengi hawakuwa nao. Waliokuwa tayari kunakili flopi na kuzituma kwa posta wasingeweza kudai hata bei ya flopi tupu. Kwenye maelezo ya 0.12 Linus alitangaza kuhamia GPL, leseni ya GNU inayoruhusu kutoza fedha mradi msimbo utolewe, kuanzia tarehe 1 Februari 1992. Nafikiri mstari ule ulifanya kazi kubwa kuliko msimbo wowote wa mwaka ule.

Mwezi huohuo wa Januari Tanenbaum alimshambulia hadharani: keneli ya kipande kimoja, yaani yenye kazi zake zote ndani ya programu moja, ni kurudi miaka ya sabini, na kujifunga kwenye 386 ni kosa. Kuhusu kipande kimoja wataalamu bado wanabishana. Kuhusu 386 mzee alikuwa na haki. Ndiyo ile nguo ya mwili mmoja. Ilibidi sehemu kubwa ifumuliwe na kushonwa upya, na Machi 1995 toleo la 1.2 likatoka likikubali prosesa za Alpha, SPARC na MIPS.

Ukitaka kuigusa mwenyewe, msimbo uko kernel.org, ndani ya folda ya Historic. Usitarajie GCC ya leo ikubali. Kompaila za zamani zilitanguliza mstari wa chini mbele ya majina, hivyo msimbo wa asembla unamwita `_main` ilhali kompaila yako imemwita `main`, na wawili hao hawatakutana. Tazama pia `.align 2`: zamani ilimaanisha baiti 4, leo kwenye ELF, mtindo wa faili za programu unaotumiwa na Linux, ni baiti 2. Mimi hilo la pili lilinila jioni nzima. Afadhali uanze na nakala ambazo watu wamekwishazirekebisha. Tumia diski ya emuleta, si diski yako halisi. Na ukitafuta mkwaju, bonyeza Shift na 7.