Mombasa Hatuhitaji Hita Kwenye Tangi la Mimea

Nimeombwa tena nimtafutie mtu hita ya tangi la mimea, lile la kioo la kufugia samaki na mimea ya majini, na nyumba yenyewe iko Tudor, ghorofa ya juu, madirisha yanapigwa na jua la alasiri. Sanduku la tangi limeandikwa kuwa ni la samaki wa kitropiki, video kutoka Ulaya zinasema samaki wa kitropiki lazima wawe na hita, basi hita inanunuliwa kabla hata ya udongo. Jamani, tropiki ni hapa! Wakati wa kaskazi maji ya tangi lililo sebuleni hufika nyuzi 29 hadi 31 bila kusaidiwa na chochote. Hata kusi likivuma, Julai na Agosti, ni mara chache kipimajoto changu kuonyesha chini ya 24, na kwa mimea hiyo ni hali nzuri mno. Hita ina kazi gani hapo? Ikigandia kwenye kuwaka usiku, maji ambayo tayari yalikuwa na joto yatapanda hadi yaue kila kilichomo.

Shida yetu ni kinyume kabisa, na ndiyo inayopaswa kuamua ununue nini. Maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 20, lita moja ya maji yasiyo na chumvi hushika takriban miligramu 9.1, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.6 tu. Na joto hilohilo linawafanya samaki, bakteria wa filta wanaosafisha maji na mimea yenyewe wapumue kwa kasi zaidi. Mchana mimea hutoa oksijeni nyingi kuliko inayoitumia. Taa ikizimwa, inabaki kuitumia tu hadi asubuhi. Ndiyo maana ukiamka saa kumi na moja alfajiri ukawakuta samaki wamejipanga juu, midomo imegusa uso wa maji, inafunguka na kufumba, usiwatupie chakula. Hawana njaa, wanakosa pumzi, na chakula kitakachobaki kitaoza na kuila hata ile oksijeni kidogo iliyosalia.

Kwa hiyo pesa ya hita peleka kwenye filta. Chukua ile ya nje inayokaa kabatini chini ya tangi, kwa sababu pampu inayozama ndani huacha joto lake lote majini. Tafuta inayozungusha maji ya tangi zima mara nne hadi sita kwa saa, na kumbuka namba iliyo kwenye sanduku hupimwa filta ikiwa tupu. Ukishaijaza sponji na mawe yake, mwendo unapungua. Afadhali kupanda saizi moja.

Bomba la kurudishia maji lielekeze juu, uso wa maji utikisike bila kurusha povu. Hapa ndipo wenye mitungi ya kaboni dayoksaidi, gesi ya kulishia mimea ambayo tunaiita kaboni tu, huja juu: "Fundi, unanipotezea gesi!" Gesi inapotea kweli, sikatai. Kinachoniudhi ni maneno yanayofuata, kwamba maji yakijaa oksijeni kaboni haipati pa kukaa. Si kweli. Gesi hizi mbili hazigombanii nafasi. Maji yanaweza kuwa na nyingi ya hii na nyingi ya ile kwa wakati mmoja, na tangi zuri la mimea ndivyo linavyokuwa saa za mchana. Kaboni hupotea kwa sababu umeitia zaidi ya kiwango ambacho hewa ingeiacha ikae majini, basi uso ukitikisika inatoroka haraka. Dawa yake ni kuongeza mapovu kidogo kwa sekunde. Kuufanya uso utulie tuli kama kioo ili kuokoa gesi, katika mji wenye joto hili, ni kuwanyima samaki hewa.

Mtungi uwe na vali ya umeme iliyofungwa kwenye taima, ijifunge saa moja kabla ya taa kuzimwa. Pampu ndogo ya hewa iweke kwenye taima nyingine, iwake taa zikizimwa. Vitabu vinataja miligramu 30 za kaboni kwa lita. Mimi kwenye nyuzi 29 sifiki huko, na kile kichupa cha rangi cha kupimia kaboni kinachobandikwa kiooni sikiamini peke yake, maana hubadilika saa moja au mbili baada ya mambo kutokea. Natazama mashavu ya samaki yanavyokwenda.

Feni ndogo ikipuliza uso wa maji hupunguza nyuzi mbili, pengine tatu, kwa kuyafanya yavukize. Siku yenye unyevu mwingi hewani, na Mombasa siku hizo ndizo nyingi, hupunguza chini ya hapo. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu wa dirisha ili samaki wasiruke nje. Maji yakivukiza, chumvi na chokaa vinabaki tangini mwako, kwa hiyo usijazie maji ya kisima. Visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na vingi vina chumvi. Jazia ya mvua yaliyokingwa vizuri.

Taa: LED nyeupe ya kawaida, iwake kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku, kwa taima. Ukiizidisha utalima mwani. Mchanga wa ufukweni usiulete. Udondoshee siki uone unavyotoa povu, hiyo ni chokaa, ileile usiyotaka izidi majini.

Jambo moja bado linanisumbua. Mimea ya majini kama Vallisneria na Anubias naiona ikinawiri kwenye nyuzi 30, juu ya kiwango ambacho vitabu vingi vinapendekeza. Mmea mwingine, Rotala nyekundu, nyumba moja inasimama vizuri, nyumba ya pili inakonda na kupauka, taa ni ileile na mbolea ni ileile. Nashindwa kutenganisha lipi ni la joto na lipi ni la kaboni. Anayekuhakikishia kwamba analijua, muulize amepimaje.

Na stima ikipotea kwa saa nyingi, usiiwashe filta ya nje moja kwa moja inaporudi. Bakteria waliofungiwa mle bila oksijeni huwa wameanza kufa. Fungua kwanza, nusa. Ikinuka kama yai viza, mwaga maji yake yote, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe.