Hakuna Lori Linalorudi Tupu

Alhamisi iliyopita simu ililia kabla sijamaliza chai. Alikuwa mteja wa Kolwezi, mtu mwema, asiyelala na deni la mtu. Inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, imezima. Hata sijamwuliza kitu, yeye mwenyewe akanipa dawa: "Yaya, ile motoka inarudiaka tupu. Nitamupatia shofele hii mashini, basi utanitumia ingine."

Kwa wasomaji wa mbali: yaya huku Lubumbashi, Kongo, ni kaka au dada mkubwa, motoka ni gari, shofele ni dereva. Silei mtoto wa mtu, ingawa kuna siku najiona kama nalea.

Hiyo ni mara ya nne mwezi huu naambiwa kwamba kurudisha mali ni bure kwa kuwa lori linarudi tupu, na mmoja wa walioniambia ni mhasibu wetu, anayeona faktire (ankara) za usafiri kila Jumatatu. Kazi yangu ni mali inayorudi: betri, inveta, paneli na pampu za sola tunazouza hapa mjini, Kipushi, Likasi na Kolwezi. Kinachotoka mlangoni kina watu wa mauzo wa kukisindikiza kwa tabasamu. Kinachorudi kina mimi peke yangu. Naandika ili safari ijayo nitume kiungo badala ya kupaza sauti.

Lori kwanza, maana halihitaji maneno mengi. Lori lililotuletea mzigo kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa, halirudi pwani kuchukua upepo. Linarudi na shaba. Mwenye lori amepiga hesabu ya kwenda na kurudi kabla hajawasha injini, na safari ya kurudi ndiyo mara nyingi inayomjengea nyumba. Najua mnachoona barabarani: tela refu, mafungu machache ya shaba yamelala chini, juu yake hewa tupu. Mnasema, "Si kuna nafasi?" Nafasi ipo. Uzito haupo. Shaba ni nzito kiasi kwamba lori hufika mwisho wa kilo zake kabla macho yako hayajaona limejaa. Pale kwenye mzani hakuna anayepima hewa.

Na lori dogo la Kolwezi? Hilo nalo lina mali, ila haimo kwenye karatasi yangu. Likishusha betri zangu, shofele anapakia makala, yaani mkaa, njiani. "Patron, ni makala kidogo tu ya nyumbani." Nyumba yake ingekuwa inapika kwa magunia 30, tungekuwa tunaona moshi wake kutoka Ruashi. Simlaumu, na mimi nina watoto. Lakini inveta mnayompa "kwa sababu anarudi tupu" inasafiri kilomita 300 chini ya makala. Nimewahi kupokea moja ambayo skrini yake ilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na kila tundu la kupitishia hewa limezibwa na vumbi jeusi. Mteja akaapa kwamba ilitoka kwake nzima. Shofele akaapa kwamba aliipokea hivyo hivyo. Nikawaamini wote wawili, na hasara ikabaki kwangu, kwa kuwa hakuna aliyeipiga picha ikipakiwa.

Haya, tuseme nimekubali. Lori limerudi tupu, shofele ni malaika, nauli ni bure. Bado hamjagusa gharama yenyewe.

Mali mpya ikitoka depo, kila mtu anajua ni nini. Makasha 100 yanayofanana, faktire moja, ukifungua moja umeyafungua yote. Mali inayorudi haina ndugu. Kila kasha ni kesi yake, na mpaka mtu aketi mezani alifungue, halina bei. Huenda ni dola 300, huenda ni chuma chakavu, huenda si letu kabisa. Gharama iko pale mezani: fundi, mita, saa nzima, halafu uamuzi ambao mtu fulani lazima autie saini.

Neno linaloniua ni "imeharibika". Linaandikwa kwenye karatasi ya kurudisha kana kwamba ni maelezo. Imeharibika vipi? Haiwaki? Inawaka halafu inazima? Inazima saa ngapi, na wakati huo nyumbani kuna nini kinachovuta umeme? Mama mmoja wa Katuba alirudisha inveta ya wati 1,000 mara mbili. Mezani kwetu ikafanya kazi mchana kutwa, taa zinawaka, fundi anachaji simu zake. Mara ya tatu nikaenda mwenyewe. Nikakuta pasi. Pasi ya kawaida ya nguo inaweza kumeza wati 1,000 au zaidi peke yake, na mama alikuwa anaiwasha huku frigo iko juu ya laini hiyo hiyo. Frigo nayo, sekunde ile ya kuamka, inadai mara kadhaa ya inachotumia ikishatulia. Inveta ilikuwa inajilinda kwa kuzima, kama ilivyotengenezwa. Haikuwa na ugonjwa wowote. Sisi ndio tuliomuuzia bila kumwuliza ananyooshaje nguo, na kwenye karatasi zetu kifaa kile kizima kiliingizwa mara mbili kama kibovu cha kiwanda.

Ndiyo maana sasa siulizi "imeharibika?" Nauliza mambo matatu kabla kitu hakijapanda gari: picha ya lebo yenye namba ya mfululizo, video fupi ya kifaa kikifanya huo ubaya wake, na volti za betri ikiwa imepumzika, yaani haichajiwi wala haitumiki. Watu wa mauzo wanasema nawasumbua wateja. Wakae siku moja mezani pangu wafungue kasha lenye mende, halafu tuongee.

Hapo kwenye betri naomba subira yenu, maana ndipo hata wenye maduka makubwa wanapotea. Betri ya risasi (madini, si ya bunduki) na asidi si kiti. Huiweki pembeni ukaikuta ilivyokuwa. Ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika, mita inasoma kama volti 12.7. Ikisoma 11.8 iko tupu, na betri tupu iliyokaa inaanza kujiua: salfeti inagandamana kwenye bamba za risasi na kugeuka ngumu, na baadaye hata uichaji vipi haipokei tena. Hata iliyo kwenye rafu bila kuguswa inapoteza chaji kidogo kidogo kila mwezi, na joto la Oktoba letu hili linaiharakisha. Sasa fikiria betri iliyorudi kwa sababu ya waya uliolegea tu. Nzima, ila imeisha chaji. Inawekwa kwenye kona ya "zilizorudi" kungoja barua ya msambazaji, na msambazaji yuko Guangzhou, China, anafunga ofisi sisi tukiwa bado kazini. Inakaa wiki, inakaa mwezi. Siku jibu linapokuja, betri imekufa kweli. Imefia kwangu, mikononi mwangu, kwa kungoja ruhusa.

Hilo nimelifanya mimi. Betri 20, wiki sita, rafu ya chini karibu na mlango. Nilikuwa najisifu kwamba zimepangwa vizuri na zina lebo. Hakuna aliyezichaji kwa kuwa kwenye vitabu zilikuwa "mbovu", na nani anachaji kitu kibovu? Siku hizi betri haivuki usiku wa kwanza bila kupimwa, na ikikubali chaji inawekwa chajani kabla ya karatasi yoyote. Karatasi itatukuta.

Wengine wananiambia, "Mbona vidanji zinarudi bila kelele?" Afadhali hao, angalau wameangalia kitu. Vidanji, yaani chupa tupu za bia za Simba na Tembo, zinarudi kweli, kasiye kwa kasiye (kreti kwa kreti), na kwa upande wa bia lori linarudi limejaa chupa. Lakini nendeni mkamwangalie mama wa depo ya bia pale Kamalondo anapopokea. Anaitoa chupa kwenye kasiye, kidole gumba kinazunguka mdomo wake mara moja, anaitazama kwenye mwanga, anairudisha au anaisukuma pembeni. Sekunde mbili. Mdomo umemeguka: hapana. Chupa ya aina nyingine: hapana. Hataki kujua nani aliivunja. Chupa zote ni sawa, ubovu wake unaonekana kwa jicho, bei yake inajulikana, na pesa ya konsinye, ile amana ya chupa, alishaishika tangu mwanzo, kwa hiyo anayehangaika kurudisha ni mteja. Nipe inveta yenye sifa hizo nami nitaipokea kwa kidole gumba.

Nilijaribu konsinye kwenye betri. Ukileta ya zamani, unapunguziwa bei ya mpya. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya tatu zikaanza kuja betri za lori, betri za duka la jirani, moja bado ina waya uliokatwa kwa kisu, na sikutaka kuuliza ilikatwa kwenye gari la nani. Halafu wanaoyeyusha risasi wakapandisha bei yao juu ya konsinye yangu, na zile nzuri zikaacha kuja. Mpango ule niliusimamisha. Sijui kama nilikosea kuuanza au nilikosea kuuacha.

Hapo ndipo sina uhakika hata leo. Betri iliyokufa kabisa siwezi kuirudisha kwa msambazaji kama mzigo wa kawaida, hata kama lori lingekuwa tupu na shofele ni shemeji yangu. Ikishakufa, kisheria ni taka ya hatari, na Mkataba wa Basel wa 1989 unataka nchi inayotoa, nchi za njiani na nchi inayopokea zikubali kwa maandishi kabla haijavuka mpaka. Za lithiamu zilizovimba au kugongwa ndege haizibebi kabisa. Kwa hiyo namwambia mteja, "Usiirudishe, nitakupa punguzo." Vitabu vya ugavi vinaniunga mkono: mali ambayo kuirudisha kunagharimu kuliko thamani yake, iache iliko. Sawa. Iliko ni wapi? Ni uani kwa mtu, mahali ambapo kesho kijana ataipasua kwa shoka, asidi atamwaga chini, risasi ataiyeyusha kwenye karai karibu na watoto. Kwenye ripoti yangu huo unahesabiwa kuwa ni uokoaji wa gharama. Kwa sasa nazikusanya za hapa mjini tu na kuzipanga juu ya paleti za plastiki chini ya paa. Rundo linakua.

La dwani, yaani forodha, nitalipitia haraka, ingawa lilinitoa jasho. Msambazaji akikutumia kifaa cha badala na kuandika "bure" kwenye faktire, msisherehekee. Ushuru unatozwa kwa thamani ya kitu, si kwa ulicholipa. Kifaa cha bure kina thamani, na faktire ya sifuri inakaribisha maswali yatakayokuweka Kasumbalesa siku nyingi na kukugharimu kuliko ushuru wenyewe. Mimi nilishaacha kudai vifaa vya badala. Siku ya kuagiza naomba vipuri viwekwe ndani ya kontena lile lile, feni, bodi, skrini, vyote vimeandikwa kwa bei yake. Fundi wangu anatengeneza hapa hapa, na nyingi ya zile inveta "zilizoharibika" zinarudi kazini kwa bei ya feni.

Turudi kwa ndugu yangu wa Kolwezi. Nilimwomba picha ya lebo, video na volti. Akanitumia emoji ya kucheka. Nikamwambia basi achomoe kila kitu, azime, angoje dakika tano, awashe. Hakujibu.

Jumamosi lori likaingia. Makala, mbuzi wawili, na katikati ya magunia kasha letu la inveta limefungwa kwa kamba ya nailoni. Nikalifungua mwenyewe juzi. Kasha ni letu, kitabu cha maelezo ni chetu. Namba iliyo mgongoni mwa kifaa haimo katika vitabu vyetu vyote.