Kwa nini damu ya matende huchukuliwa usiku

Ukitaka kumwona mnyoo mchanga wa matende kwenye hadubini, mtoe mgonjwa damu ya kidole kati ya saa nne usiku na saa nane usiku. Mtoe mgonjwa huyohuyo saa nne asubuhi, na unaweza kukodolea slaidi mpaka macho yaume usione kitu. Ndiyo maana timu za uchunguzi wa matende na mabusha huku pwani zilizoea kugonga milango watu wakiwa wameshalala. Hebu fikiria: wageni wanaingia kijijini usiku na sindano wakitafuta damu, kwenye pwani ileile ya visa vya mumiani! Siku hizi kuna kipimo cha kadi kinachotambua chembechembe za minyoo wakubwa kwenye damu saa yoyote, na sijasikia mtu wa maabara akiyatamani tena makesha yale.

Mchana minyoo hao wachanga wamejaa kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku hutoka na kuja karibu na ngozi, kwa sababu mbu wanaowasafirisha kwetu huuma usiku. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi Amoy, China, aliigundua tabia hii miaka ya 1870. Mwaka 1881 Stephen Mackenzie wa London akamfanya mgonjwa wake akeshe usiku na kulala mchana, na minyoo nao wakageuza ratiba yao. Kumbe hawakuwa wakifuata jua. Walikuwa wakimfuata mwenye mwili.

Wanajuaje? Frank Hawking, baba wa yule mwanafizikia Stephen Hawking, alifanya utafiti Afrika Mashariki miaka ya 1930 na kuendelea na minyoo hawa kwa miaka mingi. Aliona kwamba mgonjwa akivutishwa oksijeni usiku, minyoo hupungua kwenye damu ya ngozi. Kwa hiyo mnyoo anahisi mabadiliko ya damu yanayotokana na sisi kulala na kuamka. Kila aina ina ratiba yake: loa, mnyoo wa jicho wa misitu ya Kongo, hutoka mchana, maana nzi wanaomsambaza huuma mchana.

Sasa, mwenye mwili naye anajuaje saa? Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo cha seli kama 20,000 kinachopokea habari za mwanga. Lakini karibu kila seli ya mwili ina saa yake pia. Jeni huagiza protini, protini hujikusanya hadi zinarudi kwenye kiini cha seli na kuizima jeni ileile iliyozizalisha, kisha huvunjika na jeni huwaka upya. Mzunguko huo huchukua takriban saa 24. Hall, Rosbash na Young walipata tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuuchambua katika nzi wa matunda. Saa ya ini haisikilizi sana mwanga, inasikiliza chakula. Ukila, insulini hushika vipokezi kwenye utando wa seli, ujumbe unapokezanwa ndani, na protini za saa huongezeka. Anayekula ugali saa saba usiku kila siku analiambia ini lake kwamba ni mchana, hata kama macho yanaona giza.

Ujumbe huo wa chakula ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu ya malaria. Tangu Camillo Golgi wa Italia, miaka ya 1880, tunajua kwamba homa hupanda pale vimelea vinapopasua seli nyekundu kwa pamoja. Aina ya kimelea iitwayo falsiparumu huchukua takriban saa 48, ile ya malarie saa 72. Vipindi hivi vyote vinagawanyika kwa 24, na mimi siamini kwamba imetokea hivyo tu. Katika panya, ambao malaria yao huzunguka kwa saa 24, watafiti walibadilisha saa za kula bila kugusa taa, na vimelea vikahamisha saa ya kupasuka vikafuata mlo.

Vinaonja nini? Kimelea hujenga mwili wake kwa kula hemoglobini yetu, lakini hemoglobini ya mtu mzima imekosa asidi amino moja tu, yaani moja ya vijenzi vya protini: isolusini. Hiyo lazima kiipate kwenye majimaji ya damu, na hupanda baada ya kula. Maabara ya Edinburgh iliponyima vimelea isolusini, vilisimamisha ukuaji, ilipoirudisha, vikaendelea. Tangu mwaka 2000 kundi la São Paulo limeonyesha kwamba hata melatonini, homoni yetu ya usiku, huamsha kalsiamu ndani ya kimelea na kugusa mwendo wa ukuaji wake. Na mwaka 2020 ikaonekana kwamba kimelea kina saa yake ya ndani pia, inayoendelea hata ndani ya panya aliyeharibiwa saa. Kwa maoni yangu hakuna mgongano hapo. Kina saa yake, na kinairekebisha kwa mlo wetu.

Kliniki tunalipia jambo hili kila siku. Katika nusu ya pili ya mzunguko, falsiparumu hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo na haionekani kwenye damu ya kidole. Slaidi moja isiyo na kimelea kwa mtoto mwenye degedege haimalizi kesi. Rudia baada ya saa kadhaa. Dawa nazo ni hivyohivyo. Artemetha iliyo kwenye dawa mseto ya malaria (ALU) hutoka mwilini ndani ya saa chache. Vimelea sugu, ambavyo tayari vimeonekana Rwanda na Kagera, vikiwa bado vichanga katika umbo la pete hupunguza mwendo na kungoja dawa ipite. Dozi ya pili ya ALU inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza, na ndiyo ninayoona ikirukwa zaidi, kwa sababu mara nyingi saa hiyo huangukia usiku wa manane.