Umri Hauling'oi Jino: Maswali na Majibu Kuhusu Kupoteza Meno

Kwani si kawaida mtu kupoteza meno akizeeka?

La. Mtu mzima huwa na meno 32, magego ya mwisho yakiwemo, na yote yameumbwa kudumu maisha yake yote. Kinachoyaondoa ni kuoza, ugonjwa wa fizi au kugongwa. Mzee huwa kibogoyo kwa sababu maradhi hayo yamemkalia miaka mingi bila tiba. (Pengo la meno ya mbele ya chini kwa baadhi ya wazee wa Kiluo na Kiluhya ni jambo jingine: yaling'olewa kwa desturi wakiwa vijana.)

Na meno mengi hayadondoki yenyewe. Hung'olewa kwa ombi la mgonjwa aliyekesha na maumivu, ambaye sasa hataki kusikia habari ya tiba nyingine. Lau angekuja tundu lilipokuwa dogo, jino lingezibwa siku hiyohiyo na kubaki.

Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki. Niziache zipumzike?

Usiziache. Fizi hutoka damu kwa sababu kuna utando wa bakteria uliokaa kwenye ukingo wake, na ukiacha kupiga mswaki utando unaongezeka. Ukipasafisha vizuri kila siku, damu hupungua katika wiki moja au mbili. Utando ukiachwa hugeuka ugaga, ile gamba ngumu ya manjano au nyeusi ambayo mswaki hauiwezi tena. Ni lazima ikwanguliwe na daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa.

Isipokwanguliwa, ufizi huachana na jino, bakteria hushuka chini na mfupa unaoshikilia mzizi huanza kuliwa. Jino hubaki kama nguzo ya ua iliyomomonyokewa udongo: lenyewe zima, jeupe, halina tundu, lakini linacheza. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Kibaya zaidi, ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Angalia damu, harufu mbaya isiyoisha, meno yanayoonekana kurefuka, na nafasi mpya kati ya meno ya mbele.

Mwenye kisukari na mvutaji sigara huathirika haraka zaidi. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye ugonjwa nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kwa hiyo anayehudhuria kliniki ya kisukari aombe na kinywa kiangaliwe. Mama mjamzito naye fizi humvimba kwa sababu ya homoni, lakini si kweli kwamba mtoto tumboni hunyonya madini kutoka kwenye meno ya mamake. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito hakuna hatari.

Kupiga mswaki sawasawa ni kufanya nini hasa?

Mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na ile ya usiku usiiruke kamwe, maana ukilala mate hupungua na kinywa hukosa kinga. Chagua mswaki wenye nywele laini. Uinamishe ili ncha za nywele ziguse pale ufizi unapokutana na jino, kisha usogeze kwa miduara midogo. Kusugua kwa nguvu kwenda mbele na nyuma hukata shingo ya jino. Dawa iwe na floraidi, madini yanayoimarisha meno, kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni). Soma kwenye boksi. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza, tema tu. Ukisukutua kwa maji mengi unaiosha floraidi kabla haijafanya kazi.

Kuhusu sukari, hesabu mara unazoila kuliko kiasi chake. Kila ukionja kitu kitamu, asidi hushambulia jino kwa karibu nusu saa. Anayetafuna muwa polepole mchana kutwa, au kunywa chai ya sukari vikombe vidogovidogo tangu asubuhi, meno yake hayapati nafasi ya kujirekebisha. Kula muwa kwa mara moja, halafu kunywa maji.

Nimekulia Nakuru na meno yangu ni ya kahawia. Yataisha?

Rangi hiyo hutokana na floraidi nyingi katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya eneo hilo hupita hapo. Huathiri meno yanapojijenga, hadi karibu umri wa miaka 8. Mtu mzima aliyehamia hapo meno yake hayageuki. Ya kahawia si lazima yang'oke, ingawa yaliyoathirika sana humeguka upesi. Usiyasugue kwa mchanga au makaa, utaondoa tabaka la juu. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kwa watoto wadogo tumia maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Nakuru limetumika kwa miaka mingi.

Nimeanguka kwenye boda boda, jino zima limetoka. Nifanye nini?

Kama ulizirai au kichwa kimeumia, hospitali kwanza. Kama sivyo, tafuta jino mara moja. Lishike upande mweupe, usiguse mzizi: juu yake kuna nyuzi hai, na ndizo zitakazolishikisha tena. Likiwa na udongo, lisuuze kwa maziwa au maji safi kwa sekunde 10 tu, usilikwangue. Lirudishe shimoni, uso wake ukitazama mbele, kisha uma leso taratibu ulishikilie hadi ufike kwa daktari.

Ukishindwa kulirudisha, litie kwenye maziwa baridi. Ya pakiti kutoka kioski chochote yanatosha. Usilitie kwenye maji wala kulifunga kwenye karatasi. Maji hupasua zile nyuzi na ukavu huziua. Likirudi ndani ya nusu saa matumaini ni makubwa, na baada ya saa moja hupungua sana. Daktari atalifunga kwa waya mwembamba kwa takriban wiki mbili, na kwa mtu mzima mzizi utahitaji kutibiwa. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Jino la utoto halirudishwi, kwani linaweza kuharibu la ukubwani lililo chini yake.

Nimeng'olewa leo. Nijitunze vipi?

Uma kitambaa cha shashi ulichopewa kliniki kwa nusu saa bila kuchungulia. Kwa saa 24 usiteme kwa nguvu, usisukutue, usinywe kwa mrija wala kuvuta sigara, maana donge la damu shimoni ndilo linaloponya. Likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza siku ya 2 hadi ya 4. Hapo rudi kliniki shimo likasafishwe. Siku inayofuata kung'olewa, sukutua polepole kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu. Uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali usiku huohuo.

Pengo liachwe au lizibwe?

Gego la mwisho, liache. Mengine, jirani zake huinama kuelekea pengo, la upande wa pili hurefuka, na mfupa hunywea, zaidi katika mwaka wa kwanza. Nafuu ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Daraja, yaani jino la bandia lisilovuliwa linaloshikiliwa na meno ya pande zote mbili za pengo, hudumu vizuri lakini jirani wawili lazima wachongwe. Jino la skrubu ya titani ndilo ghali zaidi, huhitaji mfupa wa kutosha, na mara nyingi husubiriwa miezi 3 hadi 6 lishikane na mfupa kabla ya kuwekewa kichwa. Fizi zenye ugonjwa zitibiwe kwanza, la sivyo hata skrubu italegea.

Meno ya kuvaa yavue usiku, yasafishe kwa mswaki na sabuni ya kawaida, yaloweke kwenye maji baridi. Maji moto huyapinda. Yakikuchubua, mwone fundi au daktari ayarekebishe; usiyakwangue kwa kisu.